Herufi ya Meno Matatu

Mama Rehema alizikwa Korogwe mwezi uliopita, na mimi nilifika msibani nimechelewa, basi la kutoka Handeni lilipata pancha njiani. Wanaume walishaondoka kwenda makaburini. Nikakaa uani na wanawake waliokuwa wakichambua mchele, nikapewa sinia, nikawa natoa vijiwe huku nasikiliza maneno ya watu. Mmoja alisema marehemu alikuwa mkali sana. Mwingine akasema hakuwa mkali, ila hakupenda watu wachezee mashine zake. Nilicheka moyoni, maana wote wawili walisema kweli. Mara akaja mama mmoja wa miwani, mvi zimemjaa mbele, akakaa kwenye mkeka wangu bila kukaribishwa, akavuta sehemu ya mchele upande wake. Akasema kwa sauti ya chini, "Mwanaidi, ile herufi ya meno matatu bado unajua kuiandika?" Nilimtambua kwa swali kabla sijamtambua kwa sura. Alikuwa Agnes.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitaka kuandika habari za mwaka ule, na kila nikianza naona sistahili. Shule yangu iliishia darasa la saba. Nina mazoea ya kuandika daftari kila siku tangu ujana, lakini daftari langu silo la kuaminika. Siku ya mkutano nitakaoueleza hapa, niliandika mstari mmoja tu, "Mkutano umekwenda vizuri," na hiyo si kweli, au ni kweli kwa mwisho wake tu. Kwa hiyo nitaandika ninavyokumbuka, na pale ambapo mimi na Agnes hatukubaliani, nitasema.

Duka la Mama Rehema lilikuwa la steshenari, karibu na stendi ya Korogwe, chumba kimoja kilichokatwa kwa pazia. Mbele ya pazia kulikuwa na mashine ya fotokopi, ambayo ikifanya kazi asubuhi nzima chumba kilipata joto na harufu ya vumbi lililoungua, na kompyuta mbili. Ile kubwa ilifunikwa kwa kitambaa cha kufuma kama redio ya bibi harusi. Nyuma ya pazia kulikuwa na jiko la mkaa, sufuria, na benchi tulilokalia kula. Nilikuwa msichana wa kutoka Mnyuzi ambaye kwanza aliajiriwa kufagia, halafu kutoa fotokopi, halafu, baada ya mwenye kazi ile kuolewa Tanga mjini, kuchapa. Nilichapa kadi za harusi, barua za maombi ya kazi, risala za kumuaga mwalimu. Mama Rehema alisimama nyuma yangu na kusoma kwenye kioo. "Umeandika 'mgeni lasmi,'" angesema. "Huyo lasmi ni nani? Anatokea kabila gani?" Nilikasirika, na nilijifunza. Sijui kama ningejifunza bila kukasirika.

Agnes aliingia siku moja ya kiangazi na karatasi iliyowekwa ndani ya kitabu ili isijikunje vibaya. Alikuwa mtoto wa Magoma, babu yake alikuja zamani kutoka mbali kukata mkonge, na yeye alikuwa chuo kikuu akisomea udongo. Mwaka uliotangulia utafiti wake uliharibika kwa sababu mvua haikunyesha, na chuo kilimwambia anapewa masika moja zaidi, basi. Alikuwa amefukia mabomba membamba katika kijiji kimoja upande wa Handeni, kila bomba likiwa na kifaa kama uso wa saa juu yake, na mshale uliokuwa ukisogea kadiri udongo ulivyokauka. Alitaka kuchapiwa grafu. "Mistari yenyewe si tatizo," alisema. "Tatizo ni hii hapa pembeni." Akanionyesha pembeni mwa grafu, palipoandikwa kwa kalamu herufi ambayo sikuwa nimewahi kuiona: mti uliosimama wima na tawi lililopinda kila upande, kama uma. Ψ. "Inaitwa sai," alisema. "Na ile ya chini, yai lenye mshipi kiunoni, ni theta." Mama Rehema akatazama juu ya bega langu, akasema hizo si herufi, hizo ni michoro ya piko.

Wenye kompyuta za leo wataona ni jambo dogo. Kwetu lilikuwa jambo. Kwenye barua ningeweza kufungua kile kijisanduku cha alama nikachagua, lakini nikishaingia kwenye maandishi ya grafu, kile kijisanduku kilififia, hakibonyezeki. Nilijaribu kuchora kwa mistari mitatu, ikatoka kama jembe la palizi lililovunjika. Kisha nikagundua, au labda Agnes ndiye aliyegundua, kwamba ukichagua aina fulani ya mwandiko, herufi zetu zinageuka kuwa zile nyingine: ukiandika Y unapata meno matatu, ukiandika q unapata yai lenye mshipi, D inakuwa paa la nyumba. Nikafurahi, nikabadilisha sentensi nzima. "Siku baada ya mvua" ikageuka kitu ambacho hakuna mtu duniani angeweza kukisoma. Mama Rehema akaacha fotokopi yake akaja kutazama. "Sasa hiyo," alisema, "hata Mungu atauliza." Ilibidi nijifunze kuitia rangi herufi moja tu, peke yake, bila kuigusa ya jirani, na kuigeuza hiyo moja. Ile namba ndogo ya tatu inayokaa juu ya mita nayo ilikuwa na njia yake. Kila nilipofungua grafu upya nilikuwa na hofu kwamba meno matatu yamerudi kuwa Y, na mara nyingine yalikuwa yamerudi kweli.

Tulikula pamoja nyuma ya pazia siku zile, bada, ule ugali wa muhogo, na kisamvu, Agnes akieleza na mimi nikijifanya naelewa. Mpaka leo sina hakika nimeelewa kiasi gani. Alisema udongo una maji hata ukiwa mkavu, lakini unayashika. Kadiri unavyokauka ndivyo unavyoyashika kwa nguvu, mpaka mzizi unavuta na haupati kitu, na muhindi unanyauka huku maji yapo pale pale. Ile sai ndiyo kipimo cha huko kushika. Mama Rehema aliyekuwa akisikiliza huku anakoroga chai alisema, "Kumbe kama ndugu wa mume wangu." Agnes alicheka mpaka akapaliwa. Kisha akasema kabla ya masika lazima aende kijijini kuwaonyesha watu matokeo ya mwanzo, awaombe mabomba yabaki ardhini mpaka mvua ziishe. Yaking'olewa kabla, hana utafiti, na chuo hakitamsubiri tena. Yeye Kizigua hakijui vizuri, mimi nakijua. Aliniomba nifuatane naye. Mama Rehema alikataa, halafu akakubali, halafu akatuchapia ile grafu kwa ukubwa wa karatasi nne zilizounganishwa kwa gundi, bila mtu kumwomba.

Mimi ndiye niliyeikuza ile herufi. Niliona fahari nayo, nikaifanya nene na kubwa kuliko maneno yote. Grafu ilitundikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, na watu wakakaa kwenye mabenchi na wengine chini, wakulima mbele, wafugaji wachache wamesimama nyuma kwenye mlango. Mwenyekiti wa kijiji akafungua mkutano, Agnes akasalimu wazee, shikamooni, akaanza kueleza mistari miwili: huu ni wa shamba la mahindi la Bi Mwantumu, huu ni wa mihogo ya jirani yake. Sikuona watu wakitazama mistari. Walikuwa wakitazama pembeni. Wakanong'onezana kwa Kizigua, na mimi niliyekuja ili nisikie, nikasikia. Walikuwa wanasema, hiyo ni chapa ya Loishiye.

Mzee Loishiye alikuwa mfugaji aliyehamia pale na ng'ombe wake miaka kadhaa nyuma. Ng'ombe wake wote walikuwa na alama iliyochomwa kwa chuma pajani, mti wima na tawi kila upande. Sikuwahi kuiona, wala Agnes, tungeionea wapi. Lakini kila mtu aliyewahi kufukuza ng'ombe kwenye mahindi yake aliijua. Na mwaka ule kulikuwa na ugomvi wa lambo, wakulima wakisema ng'ombe wanalikanyaga, wafugaji wakisema walilichimba pamoja na wakulima hao hao. Kwa hiyo sitaki mtu asome hapa acheke. Fikiria mgeni amefukia vyuma kwenye shamba lako, kisha anakuja na karatasi kubwa yenye jina la shamba lako na alama ya mtu mnayegombea naye maji. Hata mimi ningeuliza.

Bi Mwantumu ndiye aliyesimama kwanza. Alikuwa mama mtu mzima, mwembamba, kanga yake ameifunga kwa nguvu kiunoni. "Mwanangu," alimwambia Agnes, "mabomba yako nimeyapalilia pembeni kwa mkono ili jembe lisiyaguse. Sasa niambie. Umeyapima mashamba yetu kwa ajili ya Loishiye?"

Kabla Agnes hajajibu, sauti ikatoka mlangoni. Mzee Loishiye mwenyewe, fimbo begani. "Na mimi naomba kuuliza. Nani alimpa huyu binti ruhusa kuandika alama yangu? Kesho ng'ombe akipotea, nitaambiwa yuko kwenye karatasi."

Watu wakacheka, si wote. Agnes akajibu haraka, na nadhani haraka ndiyo iliyomponza. Alisema, "Wazee wangu, hii si chapa ya mtu. Hii ni herufi ya Kigiriki."

Mzee mmoja kwenye benchi la mbele akageuka kuwatazama wenzake. Nani asiyewajua Wagiriki upande ule? Mashamba ya mkonge ya zamani, mengine yalikuwa yao, na wako wazee waliokata mkonge huo kwa mikono yao, na wengine mashamba wanayolima leo yalitokana na mashamba hayo yalipoachwa. "Wanarudi?" yule mzee aliuliza, kwa upole kabisa. Na kijana mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Si mnaona, wamemtuma mtoto wa kambini." Maana yake kambi za wakata mkonge, na maana yake Agnes. Lilikuwa neno la kuumiza, na lilisemwa ili liumize. Mwenyekiti alisema mambo haya ni mazito, bora mabomba yatolewe kwanza, mengine yatazungumzwa baadaye. Niliona Agnes akishika kona ya ile grafu kama mtu anayetaka kuibandua.

Hakuibandua. Alisema, "Kweli mimi ni mtoto wa kambini. Babu yangu alikata mkonge wa Mgiriki mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Akirudi Mgiriki leo, wa kumfukuza wa kwanza ni mimi, nyie mtanikuta nimeshamfikisha Muheza." Hapo walicheka wengi. Yule mzee wa mbele akauliza, "Babu yako alikuwa kambi gani?" Agnes akaitaja. Mzee akatikisa kichwa, akasema, "Basi tulikuwa na njaa moja." Akakaa vizuri. Kisha Agnes akaeleza kwamba wasomi wa dunia waliazima herufi za Wagiriki wa kale kwa kuwa za kwao zilikwisha, kama mtu anavyoazima viti vya jirani siku ya harusi. Herufi hazina shamba. Akajaribu kueleza inasimamia nini, na Kiswahili kikamgomea. Alisema "mvuto wa maji katika udongo," watu wakamtazama. Akasema "uwezo," wakamtazama. Akanigeukia mimi.

Nilirudia tu kwa Kizigua yale niliyoyasikia nyuma ya pazia kwenye bada, kwamba udongo unayashika maji, na ukikauka ndiyo unashika zaidi, na mmea unaomba haupewi. Nilieleza vibaya, nikirudia rudia. Lakini Bi Mwantumu aliyekuwa bado amesimama alishusha mkono kutoka kiunoni. "Si useme uchoyo," alisema. "Udongo una uchoyo. Hilo kila mtu analijua. Shamba langu la chini lina uchoyo kuliko la jirani huko juu." Wanawake wakaitikia, ndiyo, la kwake na la fulani, na ule mfinyanzi wa kule bondeni ndio mchoyo kupita wote. Agnes alitazama mistari yake, akasema taratibu, "Ndivyo inavyoonyesha. Huu wa juu ni wa shamba lako la chini." Kwa mara ya kwanza watu wakaitazama grafu yenyewe. Mtu akampa Agnes kalamu ya wino mzito, akaandika kando ya meno matatu, kwa herufi kubwa: UCHOYO WA UDONGO.

"Sikubali," alisema Mzee Loishiye.

Alikuja mpaka mbele, watu wakimpisha. Akaonyesha kwa ncha ya fimbo. "Mmeweka alama yangu. Nikanyamaza, nimeambiwa ni ya Wagiriki, haya. Sasa mmeandika uchoyo pembeni yake. Mtoto wangu anasoma shule. Akipita hapa atasoma nini? Atasoma ng'ombe wa baba ni uchoyo." Kusema haki alikuwa na hoja, na hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alipendekeza waandike mshiko, udongo unavyoshika, na vijana wakaangua kicheko kwa sababu mshiko kwao ni hela. Ilikuwa vigumu kurudisha utulivu. Na nilipodhani mambo yameharibika upya, Mzee Loishiye, ambaye hakuwa ameondoa macho kwenye karatasi, akasema jambo ambalo sikulitarajia.

"Mstari huu wa Mwantumu. Huu wa jirani yake. Wangu uko wapi?"

Agnes akasema hakuna, Mzee.

"Alama yangu iko, udongo wangu hauko. Kwa nini?"

Agnes akasema kweli, kwamba aliambiwa wafugaji hawatakubali kitu kifukiwe kwenye malisho, kwa hiyo hakuuliza. "Uliambiwa na nani?" Mwenyekiti akatazama dirishani. Mzee Loishiye akasema nyasi nazo zinaomba maji. Akasema ng'ombe wanakwenda lamboni na mashambani kwa sababu malisho yanakauka, na yeye angependa kujua yanakauka lini kabla ng'ombe hawajajua. "Pima na kwangu," alisema. "Ukipima na kwangu, acha hiyo alama hapo, na hilo neno. Ila uchoyo uwe wetu wote, si wangu peke yangu." Bi Mwantumu akamgeukia. Akasema, "Basi mabomba yangu na yabaki." Sijui kama alisema kwa kumkubali au kwa kutotaka apitwe. Labda yote mawili.

Mabomba yakabaki. Yule kijana aliyesema neno la kambini alibeba vifaa mpaka malishoni, hakuomba radhi, na hakuruhusu mtu mwingine abebe. Tulipewa maziwa kwa Mzee Loishiye, yenye harufu ya moshi, nikanywa kikombe cha kwanza kwa heshima na cha pili kwa kuyapenda. Tuliporudi Korogwe, Mama Rehema alisikiliza habari yote bila kukatiza, jambo lisilo la kawaida kwake, kisha akaniambia niandike grafu mbili, ya chuo na ya kijiji, na nisithubutu kuwapelekea wa chuo ile yenye uchoyo. Agnes alikataa. Aliweka maneno yote mawili, Kiingereza na uchoyo, na meno matatu katikati yake. Chuo walisemaje sikuwahi kujua, mpaka juzi msibani. Mwalimu wake aliuliza ni nini hicho, akaelezwa, akasema liache.

Masika ilichelewa kidogo, halafu ikaja. Baada ya mvua ya kwanza kubwa tulikwenda tena mimi na Agnes. Mzee Loishiye alikuwa amezungushia bomba boma la miiba ili ng'ombe wake mwenyewe wasilikanyage, na kila asubuhi alikuwa akienda kuutazama ule mshale. Hakujua kusoma namba zake, alijua ulipolala. Alituonyesha kwa kidole mahali ulipokuwa wiki nzima, mbali kabisa, umekaza. Kisha akatuonyesha ulipo sasa. Ulikuwa umerudi karibu na mwanzo. Hapa ndipo mimi na Agnes hatukubaliani. Yeye anasema ndiye aliyesema lile neno na mzee akalirudia. Mimi namsikia mzee, sauti yake, mvua bado inadondoka kwenye miiba. Lakini sitabishana na mtu msibani, na huenda yeye ndiye mwenye haki.

"Umeachia."

Akasogeza miiba tutoke. Matope yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu. Tulidhani anaturudisha kwake tukanywe maziwa, lakini alipofika njia panda alishika ya kushoto, ile ya mashambani, akitembea haraka kwa mtu wa umri wake. Agnes akamuuliza tunakwenda wapi, Mzee. Akasema bila kugeuka, "Kwa Mwantumu. Apande."